Mnavu wa Shamba la Utepe

Mnavu ulikuwa laini, na Nyamizi aliusifu kabla hajauliza ulikotoka.

Aliupika kwa karanga katika sufuria yake yenye bonde ubavuni, akasonga ugali, wakala yeye na binti yake Mbuke wakiwa wameketi kwenye ngazi ya nyumba. Walikula mpaka wakakomba bakuli. Nyamizi aliuliza baadaye, akinawa mikono.

"Umeuchuma wapi?"

"Kule ndani ya utepe mwekundu," Mbuke akasema. "Hakuna anayechuma kule, ndiyo maana ni mwingi."

Nyamizi akajifuta mikono kwenye kanga. Shamba la utepe lilikuwa mbele yao, kati ya safu ya nyumba zao na zahanati ya makazi ya Isele. Ukipita barabarani, kulizunguka ni nusu saa. Ukikata katikati ni dakika tano, lakini hakuna aliyekata katikati, kwa sababu lilitegwa mabomu mwaka wa kwanza wa Vita vya Mabwawa na wateguaji walikuwa hawajafika. Mwezi uliopita lilikuwa limemla ndama. Haya yote Nyamizi aliyajua. Alijua pia kwamba mama mwingine, mahali pengine, angepiga ukelele hadi majirani wajae uani. Akaungoja ukelele uje.

Haukuja.

"Usiende kuchuma tena," alisema.

"Sawa. Nilikanyaga mawe tu, Mama."

"Hata kwa mawe."

"Sawa."

Akaosha sufuria. Fungu la pili la mnavu lilikuwa bado kwenye ungo, bichi kabisa, naye hakuona sababu ya kutupa mboga nzuri. Kesho yake akaipika, wakala tena.

Siku ya tatu, akipanga kuni, ndipo jambo lilipomsimamisha, kuni mkononi. Mtoto kuingia shambani si ajabu, watoto huingia popote. Lakini wao walikuwa wamekula mara ya pili. Hata chumvi aliongeza.

*

"Mama Mbuke, karibu, kaa," alisema Restituta, muuguzi mkaguzi wa zahanati.

Kabla ya vita Nyamizi aliitwa Mama Maige, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo ada. Hakuna aliyekaa kikao kulibadili. Maige alikufa, jina likahamia kwa aliyebaki, na siku lilipohama Nyamizi alikuwa akichota maji, akaitikia, akaendelea kuchota.

Restituta alisukuma fomu mezani. "Mbuke anatimiza miaka kumi na miwili wiki ijayo. Visanduku ni viwili. Kufunga, au kutoa."

Chombo chenyewe kwenye makaratasi kiliitwa kitulizi. Watu wa Isele walikiita kizibo. Kilikuwa punje kama ya choroko, kimepachikwa nyuma ya sikio la kulia, kikisikiliza mishipa. Kumbukumbu inapoanza kuumuka, moyo ukitaka kwenda mbio na koo kukauka, kizibo hukata wimbi kabla halijafika. Mtu hukumbuka kila kitu, ila hakimng'ati. Mashirika ya misaada yalikileta mwaka ule watu walipokuwa wakijitupa visimani, na visimani hakukuokotwa watu tena. Hilo lazima lisemwe. Kizibo kilikuwa na kasoro moja tu: hakikujua kutofautisha hofu ya jana na hofu ya leo.

Cha mtu mzima huweza kuzimwa na kuwashwa. Cha mtoto ni uzi mwembamba unaokua pamoja na mshipa. Akifika miaka kumi na miwili, ama unavutwa ukatoka, ama unaachwa ukaungana na mshipa maisha yake yote.

"Wengine wanachagua nini?" Nyamizi aliuliza.

"Kufunga. Mwaka huu wote wamefunga."

"Wangu aliingia kwenye utepe akachuma mnavu."

Kalamu ya Restituta ilisimama kidogo. Naye alikuwa na kizibo. "Lini?"

"Jumatatu. Tukaula. Jumanne tukaula tena."

"Aha," alisema Restituta, akaandika *mnavu*.

Nyamizi alilitazama neno lile kwenye faili, limeandikwa vizuri, kwa herufi za duara. "Nataka changu kizimwe kabla ya kusaini," alisema.

"Haiwezekani. Anayesaini lazima awe ametulia. Mzazi aliyezimwa, kisheria hana akili timamu."

"Basi nizime leo, niwashe jioni, nisaini kesho."

Restituta alifikiri. "Siku ya ukaguzi unayo, ile ya kuzima kizibo kikapimwa. Jumla ya saa kumi na moja, tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Lakini wote huomba sindano ya usingizi, wanaipitisha wamelala."

"Sitaki sindano."

"Mama Mbuke, hata mimi naomba sindano." Akalifungua faili. "Unakumbuka kilichomo humu?"

"Nakumbuka. Siku tuliyokimbia tulikuwa tumeshafika darajani. Nikamrudisha Maige nyumbani alete sufuria. Maharage yalikuwa yameiva nusu, nikawaza njiani tutakula nini. Alikuwa na miaka kumi na minne. Walimkuta kwenye kona ya kanisa, ameikumbatia."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeelekeza duka lilipo.

"Na sufuria?" Restituta aliuliza, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi ya kujaza mali iliyookolewa.

"Ninayo. Ni nzuri. Ina bonde tu."

*

Kizibo kilizimwa Alhamisi, saa moja asubuhi. Kwa muda Nyamizi hakuona tofauti yoyote. Alizunguka shamba kwa barabara, akasalimiana na watu, akafika nyumbani, akaingia jikoni kubandika chai.

Sufuria ilikuwa imefunikwa kifudifudi kwenye kichanja, bonde likiwa upande wa dirisha.

Alikuwa ameipikia miaka mitano. Uji, makande, mnavu. Aliisugua kwa mchanga kila siku, na kidole gumba chake kilikuwa kimezoea kuingia katika lile bonde wakati wa kuipua. Sasa aliliangalia bonde lile akaelewa ni kitu gani kinachoweza kubonyeza alumini namna ile, na kabla ya kufika kwenye alumini kilipitia wapi.

Hakuanguka kwa kishindo, alikaa tu chini kama mzigo uliofunguliwa kamba. Kisha sauti ikatoka. Aliisikia akadhani ni mbuzi wa jirani.

Mbuke alikuja mlangoni. "Mama, unaumwa?"

Nyamizi aliendelea kulia.

"Nimwite Mama Pacho?" Mtoto alingoja jibu kwa adabu, alipoona halipo akaenda kumwita.

Mama Pacho alikuwa mwanamke mnene, mkaangaji wa dagaa, jirani yao tangu kijiji cha zamani. Katika safu nzima yeye peke yake hakuwa na kizibo. Siku ya kupachikwa alikwenda, akaona foleni, akarudi kwenye dagaa wake. Kila siku saa kumi alasiri aliketi nyuma ya nyumba yake akalia kwa sauti kubwa, na watu walimchukulia kama redio ya jirani.

Aliingia jikoni na harufu yake ya mafuta. "Mama Maige," alisema.

Hakuna aliyemwita hivyo kwa miaka mitano. Nyamizi alimkamata miguu.

"Eee, lia. Lakini si hapa, utaungua na jiko." Mama Pacho alimwinua kwapani, akamburuta hadi ukumbini, akatandika mkeka. "Kaa. Leo wewe si wa kupika. Mbuke, leta maji. Na hiyo sufuria igeuze, iangalie ukutani."

"Kwa nini?" Mbuke aliuliza.

"Kwa sababu nimesema, bibi."

Walikaa. Mama Pacho alinyoosha miguu. "Nyie wenye vizibo mlinichekesha. Mlimkalia Maige matanga robo saa. Nilikuwepo. Mwenyekiti anaangalia saa kama anangoja lori. Halafu mkaanua matanga ambayo hayakutandikwa."

"Inaisha lini?" Nyamizi aliuliza. Meno yalikuwa yakigongana, na jua lilikuwa kali.

"Nani kakwambia inaisha? Unaipa saa yake. Mimi nimeipa saa kumi. Kabla ya hapo nina dagaa."

"Na ikija saa nne?"

"Naiambia ingoje. Siku nyingine inasikia. Siku nyingine haisikii, dagaa wanaungua, wateja wananitukana." Alimpiga Nyamizi paja. "Nakwenda kuwageuza. Nitarudi na uji."

Mbuke aliketi kwenye kona ya mkeka akimtazama mama yake kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwa jirani.

"Mimi nikimkumbuka Maige," alisema, "ni kama nakumbuka kiti. Najua kilikuwa kimewekwa wapi."

"Unataka kumkumbuka vingine?"

"Sijui. Inauma?"

"Inauma."

"Kama nini?"

Nyamizi alitafuta. "Kama mvuke, ukifunua chungu ghafla. Unakupiga usoni."

"Halafu?"

"Halafu unapoa. Halafu unafunua tena."

Mbuke alifikiria. "Sasa kwa nini mtu afunue?"

Kwa swali hilo uamuzi ulimjia Nyamizi pale pale: kufunga. Hakuna mama mwenye akili anayeweza kuchukua kitu kama hiki akampa mtoto wake. Mwache awe na kiti chake. Na yeye mwenyewe asingoje jioni. Saa ilikuwa bado tano kasoro, saba nyingine zilizobaki asingezivuka. Alisimama, akatoka mbio peku, kanga ikimporomoka, akashika barabara ya zahanati.

Alizunguka shamba lote akikimbia. Alifika kwenye lango amekaukiwa pumzi, akalishika kwa mikono miwili, akatikisa. Restituta alichungulia dirishani.

"Niwashe!" Nyamizi alipiga kelele. "Niwashe sasa hivi! Nitafunga na cha mtoto, lete fomu!"

"Ngoja nichukue ufunguo, Mama Mbuke."

Nyamizi aligeuka kuegemea lango. Ndipo alipomwona.

Mbuke alikuwa katikati ya shamba la utepe. Alikuwa akija taratibu, akiruka jiwe hadi jiwe, gauni lake la njano likipanda na kushuka juu ya mnavu. Mkononi alishika kandambili za mama yake.

Miaka yote ile ya kimya, hofu haikuwa imekwenda popote. Ilikuwa imekaa foleni. Ikamwingia yote kwa pamoja, ya darajani na ya kanisani na ya Jumatatu, na mdomo wake ukafunguka kupiga ukelele. Lakini hofu yenyewe ndiyo iliyomziba mdomo. Ilimwambia: ukipiga kelele, atakimbia kuja kwako.

Alitembea mpaka kwenye utepe, na mtoto alikuwa ameshakaribia. Akasimama. Akaongea kama anayeagiza chumvi.

"Mbuke. Simama hapo hapo."

Mtoto alisimama kwenye jiwe, mguu mmoja. "Ulisahau kandambili."

"Nimeona. Kutoka hapo mpaka kwangu, kuna mawe mangapi?"

"Sita. Saba. Lakini lile moja ni dogo."

"Ruka dogo. Usishuke kwenye majani. Ukishuka, sikupikii tena mpaka ufe." Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni. "Haya, la kwanza."

Restituta alikuwa amefika na ufunguo. Alisimama nyuma, akitazama kwa makini, hana wasiwasi wowote.

La pili. La tatu. Kwenye la nne Mbuke aliyumba, akacheka kidogo, akajiweka sawa. Nyamizi alijikojolea, akajua amejikojolea, asijali. La tano. Alipofika la mwisho Nyamizi alimnyakua juu ya utepe, wakaanguka wote kwenye vumbi, akamvua viatu akahesabu vidole vya miguu. Kumi. Akahesabu tena.

"Mama, unaniumiza."

"Najua."

"Unalia nini, na mimi nipo hapa?"

"Kwa sababu upo hapa, mjinga wewe."

"Ulisema nisiende kuchuma," Mbuke alisema. "Sikuchuma. Nilipita tu. Barabarani ni mbali."

Hakuwa mkaidi. Alikuwa mtoto msikivu kuliko wote katika safu, na kila neno la mama yake alilishika. Lakini neno halina miguu. Kinachomsimamisha mtu kwenye utepe si neno.

"Nikuwashe?" Restituta aliuliza, ufunguo mkononi.

"Bado," Nyamizi alisema. "Nipe karatasi."

*

Ijumaa asubuhi walikaa mezani tena, watatu. Kizibo cha Nyamizi kilikuwa kimewashwa tangu jana jioni. Alikuwa amelala vizuri. Alfajiri alipika uji katika sufuria ile ile, kidole gumba kikaingia kwenye bonde, na bonde lilikuwa bonde.

Njiani alimwambia Mbuke: "Huenda nikawaambia wautoe uzi wako. Itauma."

"Ulishasema."

"Unakataa?"

Mbuke alifikiri kwa hatua kadhaa. "Maige angesema nini?"

"Angekucheka, anasema unaogopa."

"Siogopi," Mbuke alisema, na ilikuwa kweli, na hapo ndipo penye shida. "Basi sawa."

Sasa fomu ilikuwa mezani. Nyamizi alijaribu kuikumbuka jana. Aliikumbuka yote: lango, gauni la njano, mawe. Aliikumbuka kama orodha ya sokoni. Kwa akili yake ya leo, iliyopoa, kufunga kulikuwa na maana zaidi. Ukuta ungeweza kujengwa kuzunguka shamba. Mtoto angeweza kufungwa kamba. Mambo yenye ufumbuzi.

Akatoa karatasi kifuani. Mwandiko ulikuwa wake, lakini umekwenda upande, na wino ulikuwa umesambaa palipolowa.

*Mama Mbuke, mimi ni Mama Maige. Kesho utaniona mwehu. Usifunge. Mimi nilitaka kufunga nikakimbia, na mtoto akanifuata kwenye mawe kwa sababu ya kandambili. Ukuta hautoshi, maana kuna moto, kuna mto, kuna wanaume. Asiyeogopa hafiki miaka ishirini. Nimeona. Nimeogopa kwa niaba yako. Saini pa kutoa. Na sufuria usiitupe, lakini usiipikie.*

Alisoma mara mbili. Hakuna kilichogusa chochote.

"Hiyo imeandikwa na mtu asiyetulia," Restituta alisema. "Haina nguvu kisheria."

"Najua."

"Na wewe mwenyewe unaonaje?"

"Naona bora kufunga."

"Basi..."

"Restituta, ukiwa na mafua, chumvi unaonjaje?"

Muuguzi alifikiri. "Namwita mtu aonje."

"Na akikwambia imezidi, wewe huisikii?"

"Namwamini. Yeye ndiye mwenye ulimi."

Nyamizi akachukua kalamu, akaweka alama kwenye *kutoa*, akasaini. Akavuta fomu nyingine kutoka kwenye kitita, ile ya watu wazima wanaotaka kuondolewa, akaijaza yake.

"Hii inachukua siku thelathini," Restituta alisema.

"Najua. Nitangoja."

Uzi ulitoka kwa dakika chache, mrefu kama unyoya wa jogoo, safi. Mbuke aliuangalia kwenye sahani akasema haukuuma. Restituta alisema hisia zitaanza kurudi kidogo kidogo, ndani ya saa moja.

Walitoka langoni. Pale mbele barabara ilijikunja kulizunguka shamba, na utepe mwekundu ukitikisika kwa upepo. Mbuke alikuwa akiongea habari za uji, kwamba Mama Pacho hutia ndimu nyingi mno. Kisha akanyamaza katikati ya neno.

Alikuwa ameyaona mawe.

Mkono wake ulipanda ukaukamata wa mama yake, kucha zikazama. "Mama," alisema kwa sauti ndogo ambayo Nyamizi hakuwa ameisikia tangu mtoto alipokuwa na miaka sita. "Mimi nilipita pale?"

"Ulipita."

"Mara ngapi?"

"Kwenda na kurudi Jumatatu. Na jana."

Mtoto alificha uso kwenye kanga ya mama yake, na jina lililotoka humo, baada ya muda, lilikuwa la kaka yake. Nyamizi alisimama barabarani. Hakuhisi kitu. Akageuza karatasi ya jana, nyuma kulikuwa na mstari mmoja, umeandikwa kwa haraka ukingoni.

*Mshike hata kama huhisi. Mikono inajua.*

Akaiweka mikono mahali pake, mmoja mgongoni, mmoja kisogoni, akaibana. Kucha za mtoto zilikuwa zimemtoa damu kifundoni. Aliona damu, akaona ni nzuri.

"Twende kwa barabara," Mbuke alisema, alipoweza. "Mbali. Upande ule kabisa, Mama, usikaribie utepe."

"Ni nusu saa."

"Sawa tu."

Wakazunguka. Mtoto alilia njia nzima, na mama alitembea upande wa utepe, akihesabu siku thelathini.